Kila Mtu Ajikunjie Wake

Jumatatu, 12 Julai 2010

Daftari hili lilibaki kabatini tangu nilipostaafu, halijaandikwa hata mstari. Miaka thelathini na moja nilisomesha sayansikimu hapa Chake Chake, na katika miaka yote hiyo sikupata mwanafunzi aliyeweza kupika wali usioshika chini bila mimi kusimama nyuma yake. Sasa nimebaki na mama yangu, Bi Rumaitha, mwenye miaka themanini na minne na macho yasiyoona mbali, na Mgeni, jirani anayekuja kunisaidia kazi za uani na kunivunjia vyombo. Nitaandika humu, maana humu hamna wa kunijibu.

Leo ameshuka Raniya, binti wa marehemu kaka yangu, kutoka Maskati. Ana miaka ishirini na minne. Minne kati ya hiyo ameisomea Marekani, na kwa ninavyomsikiliza, alichokisoma zaidi huko ni kula. Amekuja na masanduku mawili. Moja la nguo. La pili limejaa pakiti za unga wa mahindi. Amepanda ndege tatu na unga wa mahindi.

Jumatano, 14 Julai

Mvua ya mchana. Raniya amelala mpaka saa tano.

Ijumaa, 16 Julai

Raniya alikaa kitandani kwa mama, akamtengenezea tambuu yake vibaya, akamuuliza, "Bibi, unataka nikufanyie nini kabla sijaondoka?"

Nilidhani mama atataka kanga. Mama akatafuna, akatafuna, kisha akasema, "Nataka niwaone wanangu wanakula nyumba moja. Zulekha na Moza."

"Hilo tu?"

"Kwani hilo dogo?"

Raniya akanitazama. Nikatoka kwenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa motoni.

Moza ni mdogo wangu. Anakaa Vitongoji, nusu saa kwa gari, na hajakanyaga hapa miaka kumi na minne. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa watu wa serikali. Yeye aliolewa na Shaame, mlima mihogo asiye na mbele wala nyuma, aliyetundika bendera ya upinzani juu ya makuti siku ya mwanzo ziliporuhusiwa. Baba yetu alikuwa na mashamba matatu ya karafuu, na binti yake akaenda kulala chini ya makuti ya Shaame. Mwaka tisini na sita walifiwa na mtoto, na Moza akatuma neno kwamba mtu yeyote wa nyumba hii asikanyage msibani kwake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, 20 Julai

Nimeelezwa taco. Nitayaandika mazungumzo kama yalivyokuwa, maana baadaye nitadhani nimeyaota.

"Ni mkate mwembamba wa mahindi, shangazi. Mezani tunaweka nyama, kuku, maharage, kachumbari, pilipili, ndimu. Kila mtu anachukua mkate, anatia anachotaka, anakunja, anakula."

"Nani anawapakulia wageni?"

"Hakuna. Kila mtu anajitengenezea mwenyewe. Ndiyo raha yake."

"Yaani unamwalika mtu kwako sikukuu, anavaa kanzu yake ya pasi, anafika, unamwambia ajipikie."

"Ajikunjie tu, shangazi."

Amepanga iwe Idd Mosi, mchana, hapa uani. Mama amecheka. Sijui kilichomchekesha.

Jumamosi, 31 Julai

Kura ya maoni, tuwe na serikali ya pamoja au la. Nimepiga, sisemi nilichopiga. Kituoni watu wanakumbatiana, wale wale ambao miaka kumi na tano hawauziani chumvi, hawazikani, hawaitikiani salamu. Wakubwa wa vyama viwili wameshikana mikono huko mjini, basi na wao ghafla wana mapenzi. Kesho wakubwa wakiachiana mikono, na hawa wataachiana. Nimerudi nyumbani nikafua mapazia.

Jumatano, 4 Agosti

Raniya alikwenda Vitongoji bila kuniuliza. Amerudi na muhogo kikapu kizima na uso wa mtu aliyefaulu mtihani.

"Shangazi Moza hakukataa," alisema. "Ami Shaame ndiye aliyeuliza swali."

"Shaame ana maswali?"

"Aliuliza atakaa sinia gani, na nani. Amesema yeye hatii mkono sinia moja na mtu asiyemzika mwanawe."

Nilimwambia hiyo ndiyo adabu ya watu wa shamba, mtu anaalikwa anaanza kuchagua sinia.

"Nikamwambia hakuna sinia," alisema Raniya. "Kila mtu na sahani yake, anasimama anapotaka. Akafikiri, akasema hapo sawa."

Kwa hiyo upuuzi huu wa Kimarekani umepata kazi ya kufanya. Wali wangu wa nazi unataka mtu akae sinia moja na mwenzake. Mkate wa kukunja hautaki kitu.

Alhamisi, 12 Agosti

Ramadhani. Mtaa wa juu walianza jana, sisi leo. Hata mwezi hawakuweza kuuona pamoja.

Jumatatu, 16 Agosti

Raniya amejaribu mikate yake kwa futari. Minene kama soli. Mama amekula mmoja kwa kumhurumia, nikamwona anautoa mdomoni na kuuficha chini ya mto.

Jumapili, 22 Agosti

Mgeni amewamwagia kuku unga wote wa Raniya.

"Niliunusa, Bi Zulekha, unanuka chokaa," alisema. "Nikajua umeoza. Mtu mzima nikupikieni unga umeoza mwezi wa Ramadhani?"

Kuku wameula wote, wala hawajafa. Raniya amejifungia chumbani analia. Akatoka akajaribu na unga wa sembe wa dukani. Mikate ikapasuka kila ilipokunjwa, vipande vipande, kama vigae. Akajaribu tena kwa maji ya moto. Vigae. Nilikaa nikatazama mara zote mbili, maana alikuwa hajaniomba.

Kisha nikaiokota pakiti tupu jalalani. Wameandika kwa herufi ndogo kama wanaoona aibu, lakini ni vitu viwili tu, mahindi na chokaa. Mgeni, ambaye hajui kusoma, alikuwa amejua kwa pua kile ambacho msomi wa miaka minne hakukijua.

Jumanne, 24 Agosti

Nimechemsha mahindi makavu kwa chokaa ya tambuu ya mama, nikayalaza kwenye maji yake mpaka asubuhi. Maganda yakabanduka yenyewe. Nikayaosha maji matano, Mgeni akayatwanga kinuni yakiwa majimaji, nikakanda, nikabana kati ya nailoni mbili kwa kibao cha kukatia, nikachoma kwenye chuma cha chapati. Mkate ulivimba, ukashuka. Nikaukunja. Haukupasuka.

Raniya alinishika shingo akanibusu. Nilimwambia atoe mikono yake, ina mafuta. Sikuifanya kazi hii kwa ajili yake. Siwezi tu kukaa nyumba moja na kitu kinachoharibiwa na wajinga.

Ijumaa, 27 Agosti

Mikate arubaini. Mgeni amejifunza kwa siku mbili. Amevunja bakuli.

Jumamosi, 28 Agosti

Neno limekuja kutoka Vitongoji, kwa simu ya Raniya. Moza amesema, "Mwambie Zulekha nakuja, lakini aje mwenyewe kunialika. Mimi si mpita njia."

Nilimwambia Raniya kwamba siendi. Mimi ndiye mkubwa. Niliyasema mengi juu ya Shaame, juu ya bendera yake, juu ya miguu yake isiyojua kiatu. Raniya alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Shangazi, mtoto wao alikuwa nani?"

Nikasema, "Duni."

Sikuwahi kulitamka jina hilo tangu mwaka ule. Baada ya alasiri nimekaa na daftari hili na nimerudi kusoma niliyoyaandika tarehe kumi na sita Julai. Ni uongo. Siku hizi nalidanganya hata daftari.

Duni alikuwa na miaka sita. Homa ilimchukua kwa siku tatu, katikati ya masika. Habari zilinifikia asubuhi, kabla ya saa mbili, na mazishi yalikuwa adhuhuri. Nilivaa buibui. Nilichukua mchele na sukari nikafunga. Kisha nikakaa kitandani.

Mwaka ule kila mtu alijua nani kaingia nyumba ya nani. Mwalimu akionekana kwenye msiba wa mtu wa upinzani, jina lake linafika mahali. Lakini sikuambiwa nisiende. Hakuna aliyeniambia, si mkubwa wangu, si mume wangu. Mume wangu alisema, "Nikuitie gari?" Nikasema ngoja. Nilikaa mpaka adhana ya adhuhuri ikatoka, nikamsikia muadhini mpaka mwisho, nikavua buibui, nikaurudisha mchele kwenye pipa. Mwezi uliofuata nikapewa ukuu wa skuli.

Miaka mingi nimewaita watu wa kisiwa hiki kila jina kwa kususana kwao. Hao waliosusana walikuwa angalau na chama walichokiamini. Mimi nilikuwa naitaka ofisi yenye feni.

Jumatatu, 30 Agosti

Sikuenda.

Alhamisi, 2 Septemba

Sikuenda. Raniya haniulizi. Anakata karatasi za kuandika majina ya vitu, "Nyama", "Kuku", "Pilipili kali", kana kwamba tunaalika vipofu wanaojua kusoma.

Jumapili, 5 Septemba

Nimekwenda Vitongoji.

Shaame alikuwa uani anamenya muhogo wa kuanika. Alisimama, akafuta mkono kwenye shuka yake, hakuutoa.

"Shikamoo, shemeji," alisema.

Amenizidi miaka minne, na bado ananiamkia, kwa sababu mimi ni mkubwa wa mkewe. Nikaitikia. Akamwita Moza, akahamisha kinoo na kisu chake akenda kumenyea mbali. Nilitarajia atakaa pale asikilize, kama ambavyo ningekaa mimi.

Moza alitoka na mwani kwenye mikono yake. Amezeeka kuliko mimi. Hapakuwa na cha kunikaribisha, kila mtu kafunga. Nimetambua leo jinsi tunavyojificha nyuma ya kikombe cha chai.

"Umekuja kualika," alisema, "au umekuja kuhani msiba?"

"Kualika," nikasema. Nikaona uso wake unafunga. Nikasema, "Na kuhani. Nimechelewa."

"Miaka kumi na minne, Zulekha."

"Najua."

"Wewe nilikwishakukatia tamaa, wewe ulikuwa na kazi yako ya kulinda. Mimi nilimngoja mama." Alikaa kwenye kizingiti, akaanza kuuchambua mwani bila kuutazama. "Alikuwa Maskati kwa kaka. Nikasema akirudi atakuja. Alirudi, hakuja. Nikamtumia salamu, mara mbili. Kimya. Mama yangu mzazi alinisusa kwa ajili ya chama, na mimi sijui hata ni chama gani anachokipenda."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilimtazama Moza, nikatazama mlango wa jiko, na nyuma yake kuna kilima kidogo cha udongo kilichozungushiwa mawe ya pwani, safi, pamefagiliwa. Nikajua ni nini. Anakiona kila anapotoka kuchota maji.

"Njoo Idd Mosi," nikasema. "Baada ya adhuhuri."

Nikaondoka. Shaame alinisindikiza mpaka barabarani na akanisimamishia gari. Hakusema neno. Nilimdharau mtu huyu miaka ishirini na mitano kwa kukosa maneno.

Sasa niandike na lililobaki. Mama aliporudi kutoka Maskati mwaka ule, alishuka bandarini analia, anataka apelekwe Vitongoji hapo hapo. Nikamwambia Moza amekataza. Nikamwambia Moza amesema hataki kumwona mtu wa nyumba ya serikali, hata mama yake. Kwa nini? Kwa sababu angekwenda, na wangemuuliza, "Zulekha alikuwa wapi?" Basi. Salamu zile mbili zilifika kwangu, hazikumfikia mama.

Jumatano, 8 Septemba

Mikate mia na ishirini. Nyama ya kusaga nimeikaanga mwenyewe, maana Raniya huitia binzari mpaka inakuwa dawa. Maparachichi yamekuja kutoka Gando, mawili yameoza.

Ijumaa, 10 Septemba. Idd

Meza tuliiazima, tukaiweka uani chini ya turubai. Nyama mwanzo, kisha kuku wa kuchoma, maharage, kachumbari, kabichi, parachichi la kuponda, maziwa ya mgando badala ya kitu ambacho Raniya hakukipata, ndimu, pilipili za namna mbili. Mikate nimeifunga kwenye vitambaa chini ya makawa ili isikauke. Ilikuwa meza nzuri. Naisema kwa kuwa niliipanga mimi.

Wageni ishirini hivi. Sijawahi kuona watu wazima wamefadhaika vile. Wanazunguka meza kama kuku waliokuta banda limehamishwa. Mwenye kanzu ya shilingi nyingi alitia vitu tisa kwenye mkate mmoja, ukafunguka chini, ukamwagikia mpaka viatuni. Mwengine alikula mkate mtupu na nyama pembeni, akasema ni chapati isiyo ufundi. Wanawake wawili wa mtaa wa juu walisimama dakika kumi wakisubiri kupakuliwa, na Raniya anawachekea.

Moza alikuja na Shaame, na pweza aliyekwisha kuchemshwa na kukatwa, amefunikwa kwa kitambaa cheupe. Alipita moja kwa moja kwa mama, akapiga magoti, akaubusu mkono wake. Mama alimpapasa uso kwa vidole.

"Umekonda," mama akasema.

"Nimezeeka, mama."

"Nani kakuruhusu?"

Watu wakacheka, mambo yakalegea. Shaame alikwenda mezani bila kuuliza mtu. Akatia pweza kidogo, kabichi, ndimu, akakunja kwa vidole viwili, akala bila kudondosha hata tone. Ndiye peke yake aliyeijua kazi ile kwa kuitazama.

Ningeishia hapo kuandika kama siku ingeishia hapo.

Mama masikio yamempungua na sauti imemzidi. Moza alikuwa amekaa karibu yake, mkate mkononi, pale mama aliposema, na uani kote wakasikia, "Moza, mwanangu, mimi nimekusamehe. Lakini neno moja limenikaa. Mbona ulinikataza kuja kumlilia Duni?"

Moza akauteremsha mkate. "Nani alikukataza, mama?"

"Weye. Ulituma neno."

"Mie?" Akamtazama Shaame, akamrudia mama. "Mie nilikungoja. Mpaka hitima ikasomwa nilikungoja, mpaka arubaini. Ukarudi safari, hukuja."

Hata wale wawili wa mtaa wa juu waliacha kutafuna. Raniya, ambaye nilimwita mjinga katika kurasa zote hizi, alielewa kabla ya wote. Alinitazama, kisha akasema kwa sauti laini kabisa, "Bibi, labda ujumbe ulipotoshwa njiani. Miaka ile si maneno yalikuwa mengi? Si ndiyo, shangazi?"

Alikuwa amenifungulia mlango. Neno moja tu, "ndiyo", na sote tungerudi kwenye kachumbari.

Nikasema, "Hakuna ujumbe uliotumwa. Niliutunga mimi."

"Sema tena," mama akasema. "Sijasikia." Alikuwa amesikia.

"Moza hakukukataza. Mimi sikwenda kumzika mtoto, na sikutaka wewe uende ukaulizwe nilikuwa wapi. Na salamu alizokutumia, nilizizuia."

Shaame ndiye aliyeuliza. Hakupandisha sauti. "Na wewe, shemeji, kwa nini hukwenda?"

"Nilikuwa naungoja ukuu wa skuli."

Nimelisema hivyo hivyo, mbele ya watu ishirini, nimeshika kijiko cha maharage. Sikulia. Mtu mmoja akakohoa. Mgeni akaja akanitoa kijiko mkononi, taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

Mama akaitafuta fimbo yake. Moza akamshika bega. "Kaa, mama. Hujala."

Akenda mezani, akachukua mkate, akatia maharage, akaacha pilipili, akakamulia ndimu, akaukunja, akamletea. Mama akala kutoka mkononi mwake, machozi yanamshuka, anatafuna. Hakuna aliyenitazama. Nilibaki nimesimama nyuma ya meza kama muuzaji asiye na wateja.

Jumapili, 12 Septemba

Mama hasemi na mimi. Anamwambia Mgeni, Mgeni ananiambia.

Jumanne, 14 Septemba

Sokoni muuza ndizi kanipa mgongo. Mwanamke huyo huyo mwaka tisini na nane alikataa kumuuzia jirani yake mafuta ya taa, na jirani ana mtoto mchanga. Nilikuwa na jibu zuri sana la kumpa. Nikanunua ndizi kwa mwengine.

Jumamosi, 18 Septemba

Raniya ameondoka. Uwanja wa ndege aliniuliza, "Shangazi, ulikichukia sana kile chakula?"

"Nyanya mlizikata kubwa mno," nikamwambia. "Zinatoa maji, mkate unalowa."

"Nitakumbuka."

"Na usiamini unga wa pakiti. Chemsha mwenyewe."

Alinikumbatia. Safari hii sikumwambia atoe mikono yake.

Jumatatu, 20 Septemba

Mama amesema na mimi leo, kwa mara ya kwanza. Amesema, "Nifungie nguo zangu. Nakwenda kwa Moza."

"Siku ngapi?"

"Nifungie zote."

Nimezifunga zote. Kanga, dawa zake, msala, kikopo cha tambuu. Moza alikuja na gari ya kukodi kumchukua. Shaame alimbeba mama mpaka kitini kama mtu anayebeba yai. Moza alilichukua furushi mikononi mwangu, akasita.

"Ijumaa mama atataka kukuona," alisema.

"Mama tu?"

Alilifikiri. Nashukuru kwamba alilifikiri.

"Anza na mama," akasema, akapanda gari.

Ijumaa, 24 Septemba

Nimekwenda. Chai ya Moza maji matupu, haina hata hiliki. Nimekunywa vikombe viwili.